Nguzo ya Kivuli ya Mwalimu Pudensiana

Nguzo bado imesimama pale shuleni, kati ya darasa la sita na vyoo vya wasichana. Ni mti wa mninga ulionyooka, umenizidi urefu kidogo, na ncha yake aliichonga dada yangu mwenyewe kwa panga la kuazima. Shule siitaji jina kwa sababu watoto bado wanasoma pale. Ukitoka Mpanda mjini, ukapita Mwamkulu na kuendelea na barabara ya vumbi mpaka nyumba zianze kuachana, umekaribia.

Dada yangu alikuwa anausubiri mwezi wa tatu. Mwezi wa tatu nguzo ile ingemtetea mbele ya kijiji kizima, na alikuwa na hakika na hilo kama alivyokuwa na hakika na Pasaka. Mungu hakumjalia kufika. Sijui kwa nini, na nimeacha kumwuliza kwa ukali. Naandika tu alivyokuwa na mambo yalivyokwenda.

Aliitwa Pudensiana. Tulizaliwa Nsemulwa, nyumbani kwa katekista. Yeye alikuwa wa kwanza na mimi, Hilaria, wa mwisho, na wa katikati wote walifariki wachanga, kwa hiyo alinilea kama mtoto wake. Alinifundisha kusoma kwa makaratasi ya kufungia sukari dukani. Alikuwa mtu wa kuongea huku anatafuna. Mama alimkanya mpaka akachoka, na Baba alisema huyu ama atakuwa mwalimu ama atakabwa na ugali. Alipomaliza chuo alipangiwa kwanza kule ziwani, Karema, baadaye akaletwa huku kwenye shule ya wafugaji na wakulima. Hakuolewa. Mtu akimwuliza alijibu, "Darasa langu lina watoto sabini. Huyo mwanaume nitamkalisha dawati gani?"

Walimu walikuwa wachache, hivyo darasa la sita alibeba masomo mengi peke yake: Hisabati, Sayansi, Maarifa ya Jamii, Kiswahili, mpaka Sanaa. Mwaka jana, kwenye boksi la vitabu vya msaada, alikuta kitabu kikubwa cha picha ambacho mchwa walikuwa wamekula nusu. Nusu iliyobaki ilihusu watu wa Maya, watu wa zamani wa huko Amerika, waliojenga mahekalu ya mawe katikati ya msitu na kuhesabu mwendo wa jua na nyota kwa macho tu. Jumamosi moja alikuja nacho nyumbani kimefungwa kwenye kitenge kama mtoto mchanga.

"Hilaria, acha hayo maharage uje uone. Hawa watu walikuwa na sifuri yao wenyewe. Wanaiandika kwa gamba."

"Gamba la nini?"

"La konokono, mama. Moja ni kokoto. Tano ni kijiti. Sifuri ni gamba tupu. Sasa niambie, kwetu kokoto zimeisha? Vijiti vimeisha?"

"Mtihani wa taifa unauliza habari zao?"

"Hauulizi. Lakini watoto wangu hesabu wanaikimbia, na sayansi wanalala. Nitawapa watu hawa hawa kwenye masomo yote, tuone watalala saa ngapi."

Hawakulala. Kwenye Sanaa walichukua udongo wa kichuguu wakafinyanga mahekalu madogo yenye ngazi pande zote. Kwenye Kiswahili waliandika insha juu ya mji uliohamwa na watu wake. Kwenye ramani walivuta uzi wakaona kwamba nchi ya Maya nayo haiko mbali na ikweta, na kwamba huko pia jua hupita juu ya vichwa vya watu kama linavyopita kwetu. Dada aliwaambia watu hao hawajaisha, wapo mpaka leo na wanalima mahindi. Mtoto mmoja akauliza, "Wanakula na dagaa?" Dada alinisimulia hilo huku machozi ya kicheko yanamtoka. Nilikuwa sijamwona na furaha ya namna hiyo tangu Baba afariki.

Ubaya uliingia kwa zoezi la nyumbani. Aliwaambia watoto: kahesabuni kitu chochote mlicho nacho kwenu, mkiandike kwa tarakimu za Maya. Watoto wengi walihesabu kuku au vyungu. Ng'washi, mjukuu wa Mzee Mwandu, alihesabu ng'ombe. Zizi la pale nyumbani lilikuwa na ng'ombe arobaini. Kwa hesabu ya Maya arobaini ni ishirini mbili na sifuri: kokoto mbili juu, gamba chini yake. Ng'washi alizipanga vizuri kwenye mlango wa zizi ili babu yake azione akitoa mifugo asubuhi. Alitaka asifiwe.

Mtu yeyote wa huku anajua kwamba ng'ombe za mtu hazihesabiwi hivi hivi. Mwenyewe anazijua kwa rangi na kwa pembe, akikosa moja anajua ni ipi, lakini kuzitaja kwa idadi ni kama kumwita mwizi, au kitu kibaya kuliko mwizi. Na mtu yeyote anajua maana ya kuamka ukakuta mawe mawili na gamba tupu mlangoni pa zizi lako.

Mzee Mwandu alimchapa Ng'washi mpaka akasema kila kitu: ni mwalimu, ametuagiza. Wiki ile ng'ombe wawili wa mzee walikufa. Mtaalamu wa mifugo alisema ni ndigana, ugonjwa wa kupe. Mzee alisikiliza kwa heshima, akamshukuru, akamsindikiza, kisha akawaambia majirani, "Mawe yalikuwa mawili."

Dada alikwenda kwake kuomba radhi. Alipiga magoti uani kama inavyotakiwa, akamsalimu kwa Kisukuma chake cha kubabaisha, "Mwangaluka, baba." Mzee akaitikia. Alikuwa mtu wa taratibu, mwembamba, wa kofia ya pama iliyofubaa, na hakuwa mtu wa kelele.

"Mwalimu," alisema, "mimi sina ugomvi na shule. Mjukuu wangu nataka asome. Lakini umemtuma ahesabu ng'ombe zangu."

"Sikumtuma ng'ombe, baba. Niliwaambia wahesabu chochote. Kosa langu sikuwakataza mifugo."

"Haya. Na gamba lilikuwa la nini?"

"Ni sifuri, baba. Maana yake hakuna kitu."

"Hakuna kitu," alirudia. "Mlangoni kwangu."

Ilikuwa mwezi wa tisa mwishoni, na nguzo ilikuwa tayari imesimama. Ndiyo ilikuwa somo la Sayansi. Kitabu kilieleza kwamba watu wa Maya walikuwa na siku wanayoisubiri, siku ambayo jua linakaa sawasawa utosini na kitu kilichosimama wima hakitoi kivuli, na baada ya siku hiyo walitegemea mvua. Dada alipiga hesabu akaona kwamba Mpanda nayo ina siku hizo, moja mwanzoni mwa Oktoba na nyingine mwanzoni mwa Machi. Kila mchana watoto walipima kivuli cha nguzo kwa kamba ya katani yenye mafundo, na kila mchana kilikuwa kimepungua. Watoto walirudi nyumbani wakisema, "Kivuli kinakwisha."

Sisi tuliosoma tunasikia maneno hayo na hatushtuki. Lakini jaribu kuyasikia ukiwa umekaa kwenye kibanda chako, mbingu nyeupe, ng'ombe wanakonda, na mtoto wako anakula huku anakwambia kwamba shuleni kivuli kinakwisha.

Siku yenyewe darasa zima lilitoka nje saa saba kasoro robo. Dada alinisimulia mara nyingi. Kivuli cha nguzo kilijikunja mpaka kikaingia kwenye nguzo yenyewe. Watoto wakajitazama miguuni wakaona hawana kitu. Wengine walishangilia, wengine wakaanza kulia, wakarukaruka kama wanaotafuta walichodondosha. Na katikati ya makelele hayo Ng'washi akaanguka chini.

Alikuwa na malaria. Zahanati walimpima, wakamtundikia dripu, akapona. Lakini habari haikusubiri majibu ya zahanati. Ilipofika jioni ilishafika Majimoto kwa pikipiki: kuna mwalimu upande wa Mwamkulu anakusanya vivuli vya watoto kwenye mti.

Mvua ya mwezi wa kumi haikuja. Ya mwezi wa kumi na moja ilidondoka kidogo, ikafunga. Watu waliokwisha kupanda walifukua mbegu zao wakazikuta zimekaangika. Kwenye Maarifa ya Jamii dada alikuwa amefundisha kwamba ukame ulisaidia kuiangusha miji ya Maya, na kwamba wafalme wao walitoa damu kuomba mvua. Alifundisha hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, na yeye hakujua kumdanganya mtoto. Neno alilotumia ni kafara. Lilipofika vijijini halikuwa tena la wafalme wa Maya.

Mwalimu Salvatori, mkuu wa shule, alimwita ofisini. Ni mtu mwema, mwenye hofu.

"Mwalimu Puden, ng'oa huo mti. Tuishi kwa amani."

"Nikiung'oa nimekiri."

"Nikuombee uhamisho basi. Hata kesho."

"Mwezi wa tatu, Mwalimu. Siku itarudi. Nitaita wazazi wote, wazee, kila mtu, tusimame uwanjani. Waone kwamba hata mwenyekiti wa kitongoji hana kivuli, hata ng'ombe hana. Wakishajiona wenyewe yataisha. Nikiondoka sasa, Ng'washi atabaki kuwa mtoto aliyeharibiwa, na hakuna mzazi atakayeleta mtoto hapa."

Ng'washi alikuwa ameshaachishwa shule. Alichunga ndama upande wa pili wa korongo, na dada alipompungia mkono mtoto aligeuka akatazama pembeni kama alivyoagizwa.

Kisha wazee wakakaa, wakamtenga. Kutengwa kwa huku hakuna anayekupiga wala kukutukana. Watu hawakusalimii tu. Dukani huuziwi, mashine haisagi mahindi yako, kwenye bomba la maji ukifika wanawake wanabeba ndoo zao wanaondoka, na mwenye pikipiki hakubebi. Anayekiuka naye anatengwa. Niliwahi kusikia habari za watu waliotengwa, na sikuzote nilidhani ni adhabu nyepesi.

Nilikwenda kumtembelea shule zilipofungwa. Nilimkuta anapepeta mahindi ya kupondaponda kwenye kinu. Alikuwa amekonda, na jambo lililonitisha zaidi ni kwamba alikuwa anatafuna kimya.

"Twende nyumbani," nilimwambia. "Utarudi shule zikifunguliwa."

"Watasema nimekimbia."

"Waache waseme! Puden, hapa hata ukiugua nani atakushika?"

"Mungu yupo."

"Mungu anatumia watu."

Alicheka kidogo. "Umeanza kuhubiri kama Baba. Hilaria, nisikilize. Hawa si watu wabaya. Wanaogopa. Mzee Mwandu mwenyewe aliponiona njiani jana alivua kofia, halafu akakumbuka, akairudisha. Ni miezi michache tu. Wewe niombee jua lisifichwe na mawingu siku hiyo, hayo mengine niachie."

Tulisali rozari pamoja, tukalala. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka kwenye nguzo, akaipigapiga kwa kiganja kama mtu anayeagana na ng'ombe wake.

Alifariki wiki ya Noeli. Kwa kuwa bombani wanawake walimkimbia, aliona aibu kuwasumbua, akawa anakwenda alfajiri kuchota maji kwenye dimbwi la mto uliokauka, mwendo mrefu, kwenye majani marefu. Huko aliumwa na nyoka, koboko. Alirudi kwa miguu mpaka nyumbani, akampigia simu Lyamba, kijana wa pikipiki anayekaa karibu na shule. Kisha akanipigia mimi. Sauti yake ilikuwa nzito. Alisema, "Mdogo wangu, njoo na pikipiki ya mjini."

Nilikwenda mbio. Nilimkuta ameegemea nguzo. Nadhani alitaka kukaa mahali ambapo angeonekana kutoka barabarani. Macho yalikuwa yanafumba yenyewe na hakuweza kuongea tena. Tulimweka katikati yangu na dereva, nikamfunga kwangu kwa kitenge, na tulipokuwa tunapita Mwamkulu nilihisi uzito wake umebadilika. Sikumwambia dereva. Niliendelea kumsalia sikioni mpaka hospitali.

Lyamba alikuja msibani Nsemulwa. Hakuingia ndani, alisimama kwenye kona ya ua mpaka nikamfuata.

"Dada," alisema, "alinipigia. Nilikuwa nimeshaiwasha. Nina watoto, dada. Nikaizima."

Nilimpa maji akanywa.

Siku tuliyomzika mvua ilinyesha. Ilianza tukiwa makaburini, padri akiwa hajamaliza, na haikuwa ya manyunyu. Ilijaza kaburi tukalazimika kuchota maji kwa ndoo kabla ya kumshusha. Ilinyesha mkoa mzima, kwa waliomtenga na kwa waliomlilia. Kule kitongojini watu walipanda kesho yake, na hawakuhitaji mtu wa kuwaeleza kwa nini imenyesha siku ile. Jambo hilo lilinitesa kuliko kifo chenyewe. Usiku na mchana nilimwuliza Mungu: hata mvua, Bwana? Hata mvua nayo iwe shahidi wao?

Mwezi wa tatu nilikwenda. Mwalimu Salvatori hakuita wazazi, na simlaumu. Lakini watoto wa darasa lile, ambao sasa wako la saba, hawakuwa wameacha. Shule zilipofunguliwa walirudi kupima kivuli kwa ile kamba ya mafundo bila kuagizwa na mtu, na maneno yalizunguka yenyewe. Nilikuta watu wamesimama kando ya uwanja, wachache, hakuna aliyekaribia. Mbingu ilikuwa imefunga mawingu kila upande.

Mzee Mwandu alikuja na shoka begani. Nyuma yake alitembea Ng'washi.

"Shikamoo, baba," nilimwamkia.

"Marahaba. Wewe ni mdogo wake." Alinitazama bila chuki. "Pole, mwanangu. Leo tunautoa huu mti. Umekaa mno."

"Baba, naomba usubiri jua lipite utosini. Ukishaona, kata."

"Jua liko wapi?"

Watu walicheka. Mama mmoja akasema, "Kaondoka nalo," na wakaanza kutawanyika, kwa sababu bila jua hakukuwa na cha kutazama, na mahindi yalikuwa yanasubiri palizi. Mzee alibaki. Alishusha shoka, akaliegemea. Nadhani alisubiri kwa heshima ya msiba tu. Watoto walikaa chini kuizunguka nguzo, na Ng'washi alijisogeza, kidogo kidogo, mpaka akawa miongoni mwao. Mimi nilitoa rozari. Nilikuwa naomba kitu kimoja tu, alichoniomba yeye.

Wingu lilipasuka ghafla. Mwanga ulianguka juu yetu kama maji, na watoto wote wakainuka kwa pamoja.

Nguzo haikuwa na kivuli. Nilitazama chini, nami sikuwa nacho. Nilikuwa nimesimuliwa jambo hilo mara nyingi, nalijua sababu yake, na bado mwili wangu ulisisimka kana kwamba ardhi imenikana.

"Babu," Ng'washi alisema. "Angalia chini."

Mzee alitazama. Aliinua mguu mmoja, akatazama chini ya kandambili. Akauinua wa pili. Alivua kofia akaishikilia pembeni, na doa dogo jeusi la kofia likaonekana chini yake peke yake, halijaungana na mtu. Nikasema moyoni, sasa. Sasa ataona. Sasa atawaita warudi.

Alinishika mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "nakuomba. Usimwambie mtu umeniona hivi."

"Baba, wote tuko hivi. Nitazame mimi. Watazame watoto."

"Nyie ni wa shule. Mimi naishi nao." Alitazama barabarani, walikoelekea wale watu. "Unajua wanachomfanyia mtu."

Aliniacha akaondoka kwa haraka, karibu kukimbia, mzee wa miaka ile, mpaka chini ya upenu wa darasa la sita. Akabana mgongo ukutani mahali ambapo jua halifiki. Ng'washi aliliokota shoka, akamfuata, akamnyooshea.

Hakulipokea. Alikaa hapo akiitumbulia macho nguzo, mpaka kivuli cha mti huo kilipoanza kuchomoza upande wa mashariki, chembamba kama uzi.